Bastola Mbili za Mbao

Bastola ya kwanza niliyowahi kushika niliichonga mwenyewe kwa mbao ya saiprasi, nikaipaka rangi ya manjano, manjano ile ya mtungi wa mafuta ya kupikia. Ya pili niliichonga wiki hiyo hiyo. Zote mbili ziko hapa mezani ninapoandika. Ya kweli sijawahi kuishika hata siku moja.

Nimeanza kwa kukiri hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba nilimsaidia mtu kuchagua bastola, hudhani nina ujuzi wa silaha. Mimi ni fundi wa ngozi. Nilijifunza kushona kwa kutazama video kwenye simu, nikizisimamisha kila baada ya sekunde chache, mwaka ule nilioacha chuo. Nina chumba kimoja nyuma ya duka la sare za shule, katikati ya mji wa Eldoret. Natengeneza mikanda, pochi, mikoba ya akina mama wa mtaa wa Elgon View, na majalada ya Biblia, ambayo ndiyo yanayonilisha. Nina miaka ishirini na minne, na nina tabia ambayo mama yangu huiita ugonjwa. Nikishona mishono mia na mmoja ukaenda kombo, nafumua yote. Nikifunga mlango narudi kuuvuta mara tatu. Ujumbe wa maneno manne unaweza kunichukua nusu saa kuuandika, na nikishautuma nausoma tena nikitafuta kosa.

Mzee alikuja Jumanne moja asubuhi, mvua ikinyesha. Ni mtu mrefu, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, na sasa anafuga ng'ombe wa maziwa huko Ziwa, nje ya mji. Aliinama kuingia, akavua kofia, akaiweka juu ya meza yangu mahali pasipo na ngozi. Hilo nililiona nikalipenda. Wengi huweka vitu vyenye maji popote.

"Ni wewe ulitengeneza jalada ya Biblia ya mama watoto?"

"Ni mimi, Mzee. Iko na shida?"

"Mbona unauliza shida na mimi bado sijasema kitu?"

"Nauliza tu, Mzee."

"Haina shida. Hiyo ndiyo imenileta. Nataka unishonee holsta."

Mimi naita mkoba wa bastola. Yeye alisema holsta tangu siku hiyo hadi mwisho. Niliweka sindano chini. Alidhani naogopa kwamba yeye ni mhalifu, akatoa bahasha ndani ya koti, akanionyesha barua kwamba amekubaliwa kumiliki bastola moja. Ukweli ni kwamba sikuogopa uhalifu. Niliogopa kwamba sijawahi kushona kitu kama hicho na kwamba nitakosea.

"Bastola yenyewe iko wapi, Mzee?"

"Bado sijanunua. Hapo ndipo kazi iko."

Alikaa kwenye kigoda changu akanieleza, taratibu, kama mtu aliyezoea kueleza darasa zima. Alikuwa amepunguza chaguo zake hadi mbili, zote bastola za ukubwa kamili. Ndogo aliziacha kwa sababu mkono wake ulizimeza na zikamruka mkononi akipiga. Mbili zilizobaki alikuwa amezijaribu kwenye uwanja wa kulenga shabaha, mkufunzi akiwa pembeni. Moja ni ya chuma kitupu. Nyingine fremu yake ni ya plastiki ngumu. Alikuwa amepiga risasi sawa kwa zote mbili, na karatasi za shabaha alikuwa nazo: mashimo yamejikusanya mahali pamoja katika zote.

"Ukichanganya hizi karatasi, hata mimi mwenyewe siwezi kukuambia ni gani ya gani," alisema. "Mkufunzi anasema chuma. Muuzaji huko Nairobi anasema plastiki. Shemeji yangu anasema chuma, na yeye hajawahi kushika hata manati. Muuzaji anangoja jibu mpaka mwisho wa mwezi."

"Na wewe Mzee unaonaje?"

"Mimi naona wote wananiambia vile inapiga. Mungu akipenda, mimi sitapiga mtu. Nitatembea nayo. Nitakaa nayo kwa gari, nitapanda nayo kwa trekta, nitaenda nayo sokoni. Ukinunua kiatu bila kutembea nacho hapo dukani, wewe ni mjinga. Sasa nataka kutembea nazo."

Alichotaka kilikuwa hiki: nimchongee bastola mbili za mbao, kila moja na umbo na uzito wa ile ya kweli, na nimshonee kila moja mkoba wake. Angevaa moja wiki nzima, kisha nyingine wiki nzima, halafu angeamua.

Nilimwuliza kwa nini anaitaka bastola. Baadaye nililitafuna swali hilo siku tatu, nikidhani nimemkosea adabu. Lakini alijibu. Mwaka uliotangulia wezi waliingia bomani akiwa amesafiri. Walimfunga mke wake, Mama, kwa kamba ya ndama, wakaondoka na ng'ombe wanane. Mama alikaa amefungwa hadi mkamuaji alipofika alfajiri.

"Hiyo ni moja," alisema. "Lakini kuna ya pili. Kwangu watu wanaingia siku yote. Wakamuaji, dereva wa maziwa, wajukuu, watoto wa shule wanakuja kuchota maji. Nikikosea kuchagua hii kitu, mtu wa kuumia anaweza kuwa mmoja wao. Kwa hivyo sitaki kuharakishwa."

Nikasema nitafanya. Sijui nani ndani yangu alisema. Pengine ni yule anayependa kujua mambo, na huyo nikimpa nafasi humsukuma yule mwoga kando.

Siku zilizofuata nilisoma kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nilijifunza kwamba bastola ya aina hii hujipakia yenyewe: ukipiga, ile sehemu ya juu inayoteleza hurudi nyuma, hutupa ganda, huchukua risasi nyingine, hurudi mbele. Lakini haipigi mfululizo. Kila risasi inataka kidole kivute upya. Nilijifunza kwamba ile ya chuma ina nyundo ndogo kwa nyuma, unaiona ikiwa imeinuka au imelala, na ina kitufe kidogo pembeni cha kuifunga isipige, pale kidole gumba kinapofika. Ile ya plastiki haionyeshi kitu. Nyundo haina, na usalama wake umefichwa ndani ya kifyatulio chenyewe, pale kidole kinapovuta. Ya plastiki inabeba risasi nyingi zaidi kwa hivyo mpini wake ni mnene. Ya chuma inabeba chache na mpini wake ni mwembamba, lakini ni nzito kama jembe. Nilishangaa kwamba vitu viwili vya kazi moja vinaweza kuwa na tabia tofauti hivyo. Nilijikuta nawaza kuzihusu nikiwa kanisani.

Na sheria ya kwanza ya mkoba wa bastola, ambayo kila fundi anaitaja kabla ya nyingine zote: ngozi lazima ifunike kifyatulio chote, kidole kisiweze kuingia hata kwa bahati mbaya.

Nilipata michoro yenye vipimo, nikaenda kuchapishiwa kwa dada mmoja mwenye kompyuta jirani na duka letu. Nilimwomba achape kwa ukubwa halisi. Karatasi ilipotoka aliigeuza, akaigeuza tena.

"Hii nayo ni ya nini?"

"Ya kushona."

"Ya kushona." Akanikabidhi kwa vidole viwili. "Sawa. Leo mimi sijakuona."

Alikuwa na sababu. Kwetu kitu cha mbao chenye umbo la bastola kina jina, bonoko, na mtu akikutwa nacho mtaani hapewi muda mrefu wa kujieleza. Ndiyo maana Mzee alitaka rangi ambayo hata mlevi ng'ambo ya barabara angeiona na kujua ni mchezo. Aliandika pia barua kwa mwandiko wake wa ubaoni, akieleza kwamba vipande hivi ni vya kupimia ngozi, akatia sahihi, akapitia kituo cha polisi cha karibu kuwaonyesha. Nakala moja niliitunza kwenye pochi. Nilikuwa naikagua kila nikitoka nje.

Mbao nilipata kwa seremala, mabaki ya saiprasi iliyoletwa kutoka Timboroa, laini na yenye harufu nzuri. Uzito ndio ulinisumbua. Nilitoboa matundu kwenye mtutu na kwenye mpini, nikajaza vile vyuma vidogo vya kusawazisha magurudumu ninavyopewa na fundi wa tairi, kisha nikaziba kwa gundi na unga wa mbao. Nilipimia kwenye mizani ya jikoni ya mama yangu, ile anayopimia unga wa mandazi. Mama yangu ni muuguzi. Alitoka upande wa ziwa kubwa kuja kufanya kazi hapa kabla sijazaliwa, na mambo mengi ameyaona zamu zake za dharura. Alisimama mlangoni akaniangalia.

"Kwa hivyo siku hizi unashonea bunduki nguo."

"Ni mbao, Mama."

"Leo ni mbao." Akaelekeza kidole kwenye mizani. "Na nikipata rangi kwa mandazi yangu, utayala yote peke yako."

Ya chuma, kwa hesabu ya bastola iliyojaa risasi, ilinitoka kilo moja na robo hivi. Ya plastiki haikufika kilo. Tofauti unaisikia mara moja ukiishika moja kila mkono, lakini uzito haukukaa mahali pamoja pia. Ya plastiki ilikuwa nzito chini, upande wa mpini. Ya chuma ilijivuta mbele. Nilizishika kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nakiri hilo pia. Nilisimama mbele ya dirisha na vipande viwili vya mbao za manjano, nikijaribu kusikia nini watu husikia.

Mkoba wa ile ya plastiki ndio nilioanza nao, na kwenye huo niliweka kila kitu nilichonacho. Nilichukua ngozi yangu bora zaidi, ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa maganda ya mti wa muwati, ambayo ikilowa maji hushika umbo lolote na ikikauka hailiachi. Niliilowesha, nikaikandamiza juu ya mbao kwa kipande cha mfupa, nikafuata kila mkunjo. Nilishona kwa sindano mbili na uzi wa nta. Nilifumua mara nne. Ule upande unaogusa kiuno niliukwangua na kuusugua hadi ukawa laini kama shavu la mtoto, nikaupinda kidogo ufuate mwili wa Mzee, ambaye nilikuwa nimempima kiuno na nyonga kwa aibu kubwa, yeye akitazama dari kama mtu aliye kwa daktari. Ulipokauka niliuvaa mwenyewe siku mbili nikiwa kazini, na mara mbili nilienda kuutafuta mezani na kumbe niko nao mwilini.

Nilifurahi sana. Kumbukeni kwamba nilifurahi.

Kwa hivyo muda ulipofika kwa ule wa ya chuma, nilikuwa nimebakiwa na siku moja na nusu na kipande cha ngozi nene kisicho na hamu ya kupindika. Niliushona vizuri, kifyatulio kilifunikwa, lakini nyuma yake, pale chini, kulibaki kona. Ngozi mbili zilikutana hapo zikawa kitu kigumu kama kidole kilichokunjwa, na kilikuwa kinaelekea moja kwa moja kwenye mfupa wa nyonga. Sikuwa na muda wa kufumua. Nilimkabidhi Mzee nikiomba msamaha hata kabla hajaugusa.

"Wewe utazeeka haraka," aliniambia.

Alianza na ya plastiki. Nilimwomba anipigie kila jioni anieleze. Siku ya kwanza alisema hakuna habari. Ya pili, hakuna habari. Ya tatu hakupiga, nikalala vibaya, asubuhi nikampigia mimi. Akasema, "Hakuna habari ya simu." Sikuelewa, na nikaogopa kuuliza. Siku zilizobaki alisema tu kwamba mkoba uko sawa, anaweza kupanda trekta, anaweza kuinama kumchunguza ng'ombe kwato, na Jumapili alikaa nao kanisani saa tatu bila kujua uko.

Wiki ya pili ilikuwa ya chuma, na simu zikabadilika.

"Fundi. Hii kitu yako inaniuma."

"Pole sana, Mzee. Ni ile kona. Nitakuja niitoe."

"Ngoja wiki iishe."

Kesho yake: "Fundi, nimekaa kwa mkutano wa wakulima nimepinda kama ndizi. Watu wananiuliza kama ni mgongo." Kesho yake tena: "Nikiingia kwa gari inanikumbusha. Nikitoka inanikumbusha." Kila simu ilikuwa kama mtu ananisomea orodha ya dhambi zangu. Ijumaa sikuweza tena. Nilimwambia nitakuja Ziwa kesho na kisu changu na nitairekebisha hapo hapo mwilini mwake. Akacheka, akasema atanichukua na pikapu akitoka mjini.

Boma lake liko mbali kidogo na barabara, nyumba ya mawe, zizi refu, tangi la maji lenye bomba kwa nje, na choo cha shimo cha mabati kilichosimama peke yake nyuma ya jikoni. Mama, mke wa Mzee, alitupokea kwa chai. Ni mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya mtu aliyeongoza kwaya miaka mingi. Biblia yake ilikuwa mezani, ndani ya jalada langu, na jicho langu lilienda moja kwa moja kwenye mshono wa pembeni kuona kama umeachia.

"Ndiye huyu?" aliuliza. "Ndiye ananifanya nilale na mtu wa kulia-lia?"

"Nimekuja kuirekebisha, Mama."

"Usirekebishe mpaka akuonyeshe choo."

Nilidhani ni mzaha. Mzee hakucheka. Aliweka kikombe chini, akasimama akishika nyonga, akaniongoza nyuma ya jikoni. Alifungua mlango wa choo akausukuma hadi mwisho. Kwa ndani, kwenye nguzo, kulikuwa na msumari.

"Wiki ya kwanza, siku ya tatu," alisema. "Saa tatu asubuhi. Nilikuja hapa. Ili nilegeze mkanda nilifungua holsta, ile nzuri, nikaitundika hapa. Nikamaliza, nikafunga mkanda, nikaenda shambani. Nikaenda kwa daktari wa mifugo. Nikarudi nikala chakula. Saa tisa ndipo nikapitisha mkono hivi kiunoni, na hakuna kitu."

Nilihesabu kwa vidole.

"Masaa sita. Mimi nilikuwa nasikia kama niko nayo. Vile haisikiki ukiwa nayo, haisikiki ukiwa huna."

Alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati. Ile tabia ya ualimu. Alikuwa amezunguka jioni ile akiuliza nani aliingia choo na saa ngapi, akaandika kwa mpangilio: mkamuaji, dereva wa lori la maziwa, jirani aliyeleta ng'ombe wake kwa dume, Mama, wasichana watatu wa shule waliokuja na mitungi. Watu saba.

"Wote waliiona?"

"Wote. Ni ya manjano, utakosaje kuiona? Dereva alidhani ni ya wajukuu. Mkamuaji alisema si kazi yake kuuliza vitu za Mzee. Mama alijua ni nini, akaiacha makusudi aone nitakumbuka saa ngapi."

"Nilikuwa nahesabu," Mama alisema kutoka mlango wa jikoni.

"Wote waliniambia hawakuigusa. Lakini mimi niliitundika mtutu ukiangalia ukuta." Aliweka kidole kwenye msumari. "Nilipoikuta ilikuwa inaangalia mlango. Na haikuwa imeingia mpaka ndani ya holsta. Ilikuwa nje nusu."

Nilitazama msumari ule. Ulikuwa kwenye urefu wa kifua changu, urefu ambao msichana wa darasa la tano anaufikia bila kunyanyuka.

"Uliwauliza tena?"

"Kuuliza nini? Ni mbao. Mtu akiona kitu cha manjano atakishika. Hata mimi ningeshika."

Hapa nataka kusema ukweli, maana nisipousema sina sababu ya kuandika haya. Kitu cha kwanza kilichonipitia moyoni, kabla ya hofu, kilikuwa fahari. Nilikuwa nimetengeneza mkoba mzuri kiasi kwamba mtu aliishi masaa sita bila kujua kama anao au hana. Kilidumu labda pumzi moja. Kisha niliwaona wale wasichana na mitungi yao, mmoja akiwa peke yake mle ndani mlango umefungwa, akiitoa polepole kwenye ngozi yangu laini, kidole kikitafuta mahali pa kukaa. Nikashika mlango.

"Basi nitaukaza ule," nilisema. "Nitautia kona. Nitafanya..."

"Hapana. Nimeshaamua. Nachukua ya chuma."

"Kwa sababu ni nzito?"

"Kwa sababu ni nzito. Na kwa sababu ya hiyo kona yako. Usiiguse."

Nilikuwa nimetoka mjini na kisu nimekinoa tayari. Nikabishana naye, mimi ambaye hata bei za wateja sibishani nazo.

"Lakini Mzee, kitu kikiuma mtu anakivua. Utaivua mara nyingi kuliko ile nyingine. Utaiacha mahali pengi zaidi."

Hilo lilimfanya afikiri. Alisimama pale akikuna kidevu, na niliona anapima jambo kwa haki, kama vile huenda aliwapimia wanafunzi majibu ambayo hayakuwa kwenye kitabu.

"Swali zuri," alisema. "Mama, njoo ujibu. Wewe ndiye umekuwa ukihesabu."

Mama alikuja akifuta mikono kwa kanga. "Wiki hii ameivua mara moja kwa siku," alisema. "Akifika nyumbani tu. Hata salamu hajasema, anaenda moja kwa moja kwa sefu, anaifungia ndani kama mtu anafunga mbwa mkali, ndipo anakuja kukaa. Ile nyingine alikuwa anakaa nayo hapa na wajukuu wakimpanda magotini."

"Na chooni?"

"Chooni inanitukana," Mzee alisema. "Nikiitoa kiunoni nasikia raha mpaka najua nimeitoa. Ile raha yenyewe inanikumbusha."

Tulirudi kwenye chai. Nilikaa na kisu changu ndani ya mfuko, nikihisi kama mtu aliyebeba mwavuli siku ya jua. Mama aliniongezea chai bila kuniuliza, akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Wale watu waliponifunga, walinifunga vizuri," alisema. "Kamba haikuniuma mahali popote. Walijua kazi. Nilikaa pale nikawaza, hawa wamefunga ndama wengi." Akapuliza chai yake. "Kwa hivyo mimi sisumbuki kama kitu kinauma kidogo. Nasumbuka kama nimekizoea."

Lakini kazi yangu ilikuwa haijaisha. Ule mkoba wa ya chuma ulikuwa wa majaribio, ngozi yake haikuwa ya kudumu. Mzee alipompigia muuzaji na kusema chuma, ilibidi nimshonee wa kweli, na alitaka kona ile ile, mahali pale pale. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kosa ni gumu kushona kuliko usahihi. Nililipima kwa kipimo cha chuma, urefu, unene, pembe yake. Nikakata, nikashona. Nilipomaliza mkoba wa kwanza nikaupapasa, na kona haikuwepo. Mikono yangu ilikuwa imeisugua yenyewe bila kuniuliza, kwa mazoea. Wa pili ulikuwa nayo lakini ilikuwa ya aibu, nusu nusu, kona ya mtu anayetaka kusamehewa. Wa tatu nilifanya nikiwa nimeiweka ile karatasi ya Mzee mbele yangu. Nilikuwa nimemwomba aniachie. Mkamuaji, dereva, jirani, Mama, wasichana watatu. Kila nikishika kipande cha kusugulia niliisoma kutoka juu hadi chini. Kona ikatoka ngumu, safi, isiyoomba radhi.

Kulikuwa na jambo la muhuri. Kila kazi yangu naipiga muhuri mdogo, alama yangu. Nakiri nilifikiria kuuacha mkoba huu bila alama, fundi mwingine asije akauona akasema mimi ndiye niliyeshindwa kumaliza ukingo. Nilikaa nao siku nzima. Mwishoni niliupiga muhuri kwa ndani, pale penye kona, upande unaogusa mfupa wa Mzee.

Alikuja kuuchukua mwenyewe. Bastola alikuwa ameinunua na ilikuwa imefungiwa nyumbani, na alikuja na ile ya mbao ndani ya mfuko wa plastiki ili tuhakikishe, kisha aniachie. Aliuvaa hapo hapo, akaketi kwenye kigoda, akainuka upesi.

"Inauma?" nilimwuliza.

"Inauma."

"Pale pale?"

"Pale pale, fundi."

Nilingoja wiki tatu. Kwa mtu kama mimi wiki tatu ni nyingi. Kisha nikaandika ujumbe, nikaufuta, nikaandika tena, mwishowe nikapiga simu. Mama ndiye aliyepokea. Mzee alikuwa zizini.

"Mama, samahani kusumbua. Nilitaka tu kujua kama ile kitu... kama ameshaisahau mahali."

"Huyo?" Nikamsikia akitembea na simu, mlango ukifunguliwa, ng'ombe wakilia kwa mbali. "Ngoja nimwangalie."

Nilingoja. Nilikuwa nimeshika ule mkoba mwingine, ule mzuri, ambao Mzee alinirudishia pamoja na bastola yake ya mbao, na ambao sijamuuzia mtu.

"Anainama kwa ndama," Mama alisema. "Ameshika nyonga. Sasa ameinuka. Ameshika tena." Akaangalia zaidi. "Yuko nayo," alisema.